Mpira wa Uingereza na Riziki ya Beki



Tumeona yafaa mwezi huu tuseme machache juu ya jambo lisilopitiwa na siku bila ya kutajwa majumbani mwetu, nalo ni mpira wa miguu. Hapa kwetu Mlingotini, maji yakupwapo na kina mama wakiwa wametoka katika mashamba ya mwani, vijana hushuka mchangani baada ya sala ya alasiri wakacheza mpaka jua likaribie kuchwa. Kila mmoja amevaa fulana yenye jina la mchezaji mashuhuri mgongoni. Mwenye kuyasoma majina hayo ataona kuwa karibu yote ni ya wafungaji wa magoli. Jina la beki ni nadra, na la beki wa klabu ndogo halipo kabisa.

Hilo ndilo lililotutia hamu ya kuandika. Mtoto amwonapo mfungaji mmoja anayelipwa mali nyingi, hudhani kuwa huo ndio mpira wa Ulaya. Kumbe mfungaji huyo ni kama lulu, na chaza walio wengi hawana lulu. Atakaye kuujua mpira kama kazi ya kumpatia mtu riziki, na amtazame beki wa madaraja ya chini, yule ahamaye mji hadi mji, leo ana mkataba na kesho hana. Nasi tunaye wa kumtolea mfano, tena mwenye asili ya nchi yetu.

NGAZI YENYEWE

Kwanza yafaa kufahamu jinsi mpira wa Uingereza ulivyopangwa. Ligi yao ilianza mwaka 1888 kwa klabu 12. Siku hizi madaraja manne ya juu yana klabu 92: la kwanza ni Premier League lenye klabu 20, kisha Championship, League One na League Two, kila moja likiwa na klabu 24. Chini yake lipo daraja la tano liitwalo National League, na chini ya hilo yako mengine mengi, hata kufikia timu za vijiji ambazo wachezaji wake ni makarani, maseremala na madereva wachezao siku ya mapumziko.

Ngazi hiyo haina mtu aliyekaa akatulia. Kila mwaka wako wapandao na wako washukao. Klabu ikishuka daraja, mapato yake hupungua, na yakipungua wa kwanza kutolewa ni wachezaji. Hata klabu yenyewe yaweza kufa. Klabu ya Bury, iliyoasisiwa mwaka 1885, ilitolewa katika ligi mwezi wa Agosti 2019 kwa sababu ya fedha, na wachezaji wake wakajikuta hawana timu ilhali msimu umekwisha kuanza. Basi asidhani mtu kuwa kuingia Uingereza ni kufika. Nahodha hasemi amefika kwa kuwa ameliona gati.

HAJI MNOGA NA SAFARI ZAKE

Haji Mnoga alizaliwa mwaka 2002 katika mji wa Portsmouth, mji wa bandari na manowari kusini ya Uingereza. Yeye ni beki, achezaye zaidi upande wa kulia. Alilelewa katika shule ya mpira ya klabu ya mji huo, klabu yenye historia kubwa: ilitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1949 na 1950, na Kombe la FA mwaka 1939 na 2008. Lakini baada ya ushindi huo wa 2008 ilielemewa na madeni, ikashuka daraja baada ya daraja mpaka mwaka 2013 ikawa katika daraja la nne. Mnoga alipoingia timu ya wakubwa mwaka 2018, naye ana umri wa miaka 16, klabu yake ilikuwa imepanda hadi daraja la tatu.

Kijana wa miaka 16 kuvaa jezi ya wakubwa katika mji aliozaliwa! Hapo ndipo wengi wetu tungepiga vigelegele tukasema mambo yamekwisha kuwa mema. Lakini tazameni yaliyofuata.

Msimu wa 2021/22 Portsmouth ilimtoa kwa klabu za Bromley na Weymouth, zote mbili za daraja la tano. Bromley ni kitongoji cha kusini ya London, na Weymouth ni mji wa pwani wenye klabu ndogo, ambayo mwisho wa msimu huo ilishuka daraja. Msimu wa 2022/23 akapelekwa Gillingham, katika daraja la nne. Baadaye akawa Aldershot, mji wa kambi za askari, akarudi tena daraja la tano. Msimu wa 2023/24 klabu hiyo ya Aldershot iliwastaajabisha watu katika Kombe la FA kwa kuifunga Swindon Town magoli 7 kwa 4 nyumbani kwa Swindon, ingawa Swindon ilikuwa daraja la juu yake. Mwaka 2024 Portsmouth ikawa bingwa wa League One, nayo furaha ikaujaza mji. Lakini Mnoga hakupanda nayo. Aliondoka klabu iliyomlea akajiunga na Salford City, karibu na Manchester, katika daraja la nne. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1940, nayo iliingia katika ligi ya klabu 92 mwaka 2019 tu.

Hesabuni: kabla ya kutimiza miaka 23, kijana huyu alikwisha kuchezea klabu sita. Huo si upungufu wake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

Na katikati ya safari hizo alipata heshima ambayo wengi wa daraja la juu hawakuipata. Aliitwa katika timu ya Tanzania, akawamo miongoni mwa waliokwenda Ivory Coast mwezi wa Januari 2024 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Taifa Stars ilifungwa na Morocco magoli 3 kwa 0, ikatoka sare na Zambia 1 kwa 1, kisha ikatoka sare na Kongo bila ya magoli. Mtu awezaye kucheza Jumamosi mbele ya watu elfu chache katika mji wa askari, kisha akaitwa kuvaa rangi za taifa, hatuwezi kusema kuwa jitihada yake imepotea.

Mwenziwe aliyemtangulia katika njia hiyo ni Adi Yussuf, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1992 akapelekwa Uingereza angali mtoto. Yeye si beki bali ni mshambuliaji, lakini safari zake zafanana na hizo: Burton Albion, Lincoln City, Mansfield Town, Solihull Moors, Blackpool, Wrexham, Chesterfield na nyinginezo. Naye alikuwamo katika timu ya Tanzania iliyokwenda Misri mwaka 2019. Mchezaji wa namna hii ni kama baharia wa ngalawa za watu: leo yuko na nahodha huyu, msimu wa kaskazi yuko na yule, naye mali yake ni mikono yake na sifa yake.

KUAZIMWA

Neno litumikalo magazetini ni kwamba mchezaji ametolewa «kwa mkopo». Sisi twaona kwa Kiswahili chema ni afadhali kusema ameazimwa, kwani kilichokopwa hulipwa kingine mfano wake, bali kilichoazimwa hurudi chenyewe. Klabu yenye mkataba hubaki ndiyo mwenye mchezaji, na klabu iliyomwazima huchukua sehemu ya mshahara wake au wote, kwa kadiri walivyopatana.

Kwa kijana, kuazimwa kuna faida na kuna taabu. Faida ni kuwa hupata kucheza na watu wazima wenye kutafuta riziki zao, wala si mazoezi ya vijana wenzake. Taabu ni kwamba huishi kwenye chumba cha kupanga katika mji asioujua, huku akijua kuwa waliomwazima si wenye kumjenga kwa ajili ya kesho yao, na walio na mkataba wake hawamwoni kila siku. Mkataba nao kwa kawaida humalizika mwezi wa Juni. Kila mwaka, msimu ukiisha, klabu hutangaza majina ya watakaobaki na ya watakaoachwa. Fikirini hali ya mtu mwenye mke na watoto anayeingoja orodha hiyo.

KAZI ASIYOIIMBA MTU

Mfungaji akikosa mara tisa akafunga mara ya kumi, hubebwa mabegani. Beki akiokoa mara tisa akateleza mara ya kumi, jina lake hutajwa kwa laana. Kazi yake ni kuzuia, na lililozuiwa halionekani. Nani ahesabuye magoli yasiyofungwa?

Beki hutakiwa asome mchezo kabla haujamfikia: asimame mstari mmoja na wenzake ili adui akamatwe ameotea, amfuate aliyekabidhiwa wala asivutwe na mpira, ajue lini aende mbele kusaidia na lini arudi mbio, na azungumze na wenzake muda wote, kwa kuwa beki aliye kimya ni mlango uliofunguliwa. Zaidi ya yote ni kutobadilika. Kocha wa klabu ndogo hamtafuti beki wa maajabu, bali amtafuta yule atakayekuwa vile vile Jumamosi ya mvua ya mwezi wa Novemba kama alivyokuwa siku ya kwanza ya msimu.

Sisi tunaofundisha vyuoni twaijua tabia hiyo. Katika kila darasa yuko mwanafunzi mwenye sauti nzuri ambaye wageni humsifu, na yuko mwengine asiyesifiwa ajaye kila siku kwa wakati, akafuta ubao wake, akaurudia mlango wake wa jana kabla ya kupewa mpya. Aghalabu ni huyu wa pili ahitimuye msahafu.

UJIRA NA AFYA

Hapo zamani wachezaji wa Uingereza walikuwa na kikomo cha mshahara ambacho hakuna klabu iliyoruhusiwa kukivuka. Kilipoondolewa mwaka 1961 kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Walioking'oa ni wachezaji wenyewe kwa umoja wao, ambao chama chao kiliasisiwa mwaka 1907. Tangu hapo mishahara ya juu imepanda mno, bali mali hiyo haikugawika sawa. Mwaka 2016 chama cha wachezaji wa ulimwengu, FIFPRO, kiliwauliza wachezaji kiasi cha 14,000 katika nchi 54. Katika kila 100, zaidi ya 40 walisema wamewahi kucheleweshewa mishahara katika miaka miwili iliyotangulia, na zaidi ya 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hawa ni watu ambao mpira ndio kazi yao. Na kazi yenyewe ni fupi: afikapo miaka 35 mchezaji ni mzee, katika umri ambao seremala ndio kwanza anajulikana mjini.

Liko na jambo la mwili, nalo lamhusu beki zaidi ya mwengine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichunguza habari za wachezaji wa zamani wa Scotland. Mwaka 2019 walitangaza kuwa wachezaji hao walikufa kwa maradhi ya ubongo, yale yamwondoleayo mtu kumbukumbu na akili, kiasi cha mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Mwaka 2021 wakatangaza kuwa hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa mabeki, kiasi cha mara tano, ilhali kwa walinda mlango haikuzidi sana ile ya watu wa kawaida. Mwenye kuujua mchezo hashangai, kwani beki ndiye apigaye mpira kwa kichwa kuliko wote. Kwa ajili hiyo, mwaka 2020 Waingereza waliwakataza watoto wa umri wa shule ya msingi kupiga vichwa katika mazoezi. Makocha wa timu zetu za mchangani na walizingatie hilo. Halihitaji fedha, lahitaji huruma tu.

SALA NA SAUMU UGENINI

Wazazi wengi hutuuliza: je, mtoto akenda huko, dini yake itasalimika? Jawabu ni kwamba yawezekana, lakini haiji yenyewe. Mechi nyingi za madaraja ya chini huanza Jumamosi saa tisa alasiri. Katika mwezi wa Desemba jua la Manchester huchwa karibu na saa kumi, yaani magharibi huingia wakati wa mapumziko ya mchezo au karibu yake, na alasiri huwa imekwisha kuingia kabla mpira haujaanza. Kijana asiyezoea kuuangalia wakati akiwa kwao, ambako mwadhini humwita kila mara, huko ataupoteza.

Kwa upande wa saumu mambo yamekuwa mepesi kidogo. Mwezi wa Aprili 2021, katika mchezo wa Leicester City na Crystal Palace, mpira ulisimamishwa kidogo jua lilipokuchwa ili wachezaji waliofunga wapate kufuturu. Mwaka 2023 waamuzi wa ligi kubwa za huko waliagizwa kuruhusu jambo hilo. Walioleta wepesi huo ni wachezaji walioshika lao kwa adabu, hata wenziwao wakawaheshimu.

WAZAZI NA WASIKIE

Sasa twafika penye uzito. Wako watu wapitao katika vijiji vya pwani wakisema wao ni mawakala, kwamba wataweza kumpeleka kijana Uingereza kujaribiwa, mradi mzazi atoe fedha za safari na za karatasi. Baba mmoja alitujia kutaka shauri kama auze shamba lake la minazi kwa ajili ya mwanawe wa miaka 15. Tulimweleza haya, nasi twayaeleza hapa kwa manufaa ya wote.

Kwanza, sheria ya FIFA haimruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wake wamehamia huko kwa jambo lisilohusu mpira. Na tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilipokwisha kutoka katika Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi kabisa kumchukua kijana wa chini ya miaka 18 kutoka ng'ambo. Basi mwenye kumwahidi mtoto wa miaka 15 klabu ya Uingereza, ama hajui sheria au anajua na anadanganya.

Pili, hata mtu mzima kwa kawaida hapati kibali cha kazi ya mpira huko ila kwa alama. Alama hizo hutazama mchezaji ameichezea timu ya taifa lake mara ngapi na taifa hilo lina daraja gani ulimwenguni, tena ligi aliyotoka ina nguvu gani. Mchezaji wa nchi iliyo mbali katika orodha ya FIFA hupata taabu kuzitimiza. Mnoga alizaliwa huko na Yussuf alikulia huko. Mlango waliopitia wao si mlango ulio wazi kwa mtoto wa Mlingotini. Tunalisema hili si kwa kuwavunja moyo vijana, bali kwa sababu ahadi ya uongo huvunja moyo zaidi.

Tatu, tangu mwaka 2023 FIFA huwatahini mawakala na kuwapa leseni, na majina yao yaweza kutazamwa na kila mtu. Wakala wa haki hupata ujira wake katika mkataba uliokwisha kutiwa saini. Adaiye fedha mkononi kabla ya klabu kujulikana, jina lake si wakala.

Je, tuwakataze watoto mpira? La, hasha. Mchezo hujenga mwili, huwaepusha vijana na vijiwe viovu, na hufunza utii na kusaidiana. Nchini mwetu iko ligi yenye nguvu, na wako mabeki wanaolea familia zao kwa kazi hiyo bila ya kupanda ndege. Mwenye kipaji na aanze na timu ya kijiji, kisha wilaya, kisha mkoa, naye aonekane hapo. Lakini asiache shule. Majirani zetu wa Mbegani wana chuo cha uvuvi, na Bagamoyo kuna mafundi wa kila namna. Mchezaji mwenye fani mkononi akiumia goti hubaki mtu mwenye kazi. Asiye nayo hubaki na hadithi za zamani.

Na shamba la minazi lisiuzwe. Mnazi mmoja utaendelea kuzaa baada ya miguu ya mchezaji kuchoka.

Tunamalizia kwa kuwausia vijana wetu. Mkimtazama mchezaji, msitazame magari yake. Mtazameni yule aliyeachwa na klabu iliyomlea akaenda nyingine akaanza upya bila ya kutukana mtu. Aliyeazimwa mara nne na kila mara akatimiza ahadi ya waliomwazima. Kushika amana, kusubiri na kufanya kazi ambayo haisifiwi ni mambo mliyoyasoma chuoni kabla ya kuujua mpira. Atakayeyachukua mambo hayo atafaa akiwa beki, atafaa akiwa mvuvi, na atafaa akiwa mwalimu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape riziki ya halali popote walipo, na awape wazazi busara ya kuwaongoza. Amin.

Wabillahi tawfiq.